Utambi wa Sikio la Frida

Kwa miaka sita Severina alizungumza Kihehe na maharage. Msimcheke. Ungepita nyuma ya soko la Uyole wakati wowote wa mchana ungemkuta kibarazani kwake, kigodani, ungo mapajani na kopo la mabati kando ya mguu, akiyasema moja moja. Wewe umetobolewa na mdudu, toka. Wewe umesinyaa, toka. Wewe ni jiwe umejifanya haragwe, unadhani mimi kipofu? Kila neno na kishindo chake ndani ya kopo.

Kuchambua maharage ndiko kulikomlisha. Wafanyabiashara walimletea magunia kabla ya kuyapakia kwenye malori, naye aliyarudisha safi kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kuyakagua tena. Kazi hiyo aliijua tangu ujana, alipokuwa kibarua wa kuchagua mbegu kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, na mumewe Liberatus alikuwa mlinzi wa mashamba hayo hayo. Wote wawili walitoka Kilolo, kwa Wahehe wenzao, wakiwa na sanduku moja la bati. Liberatus alipofariki, Kihehe kilibaki nyumbani humo na msemaji mmoja, na lugha yenye msemaji mmoja ni kikohozi tu.

Majirani aliokuwa nao walikuwa wema. Walikuwa Wasafwa, Wanyakyusa, Wasangu, na, nyumba ya ukuta kwa ukuta, Mwanakhamisi, muuza khanga ambaye babu zake walihamia bara kutoka pwani, aliyemletea vitumbua kila Idi. Wote walisema naye Kiswahili, na Kiswahili chake hakikuwa kibaya. Lakini kwake kilikuwa lugha ya sokoni na ya kanisani, ya kuulizia bei na ya kuungamia dhambi. Cha kunung'unikia magoti asubuhi kilikuwa Kihehe, na hakukuwa na wa kumnung'unikia. Dada yake wa Kilolo alikuwa na simu, ila ili ishike mtandao ilibidi apande mlima, na akifika mlimani huwa chaji imekwisha.

Kwa hiyo Eveline, binti yake wa pekee, alipopiga simu Desemba kusema anamleta mtoto wake Frida aanze darasa la kwanza Uyole, Severina alifurahi mpaka akaona aibu. Eveline alikuwa mama ntilie huko Makongolosi, akiwapikia wachimba dhahabu. Alisema mahali pale hapana malezi, kutwa ni karasha zinazosaga mawe na wanaume wanaopigiana kelele juu ya karasha. Severina alipiga deki nyumba mara mbili na kuweka nadhiri: ndani ya kuta zile mjukuu wake hatasikia neno ila la Kihehe. Alitaka mtu wa kumjibu kabla hajafa, basi.

Frida aliletwa wiki ya kwanza ya Januari. Alikuwa anakaribia miaka saba, mwembamba, macho makubwa yasiyotulia, na sikio la kulia limezibwa kwa pamba. Eveline alieleza huku akifungua mabegi kwamba masikio ya mtoto yanatoa usaha tangu alipokuwa anaota meno, hasa hilo la kulia. Yakizidi unamwekea tone la mafuta ya kula yaliyopashwa moto kidogo na kumbadilishia pamba. Watu wamesema akikua yataacha yenyewe. Kesho yake alfajiri alipanda basi la Chunya, akarudi Makongolosi.

Severina akaanza. Alimfundisha kwanza salamu, kamwene, ambayo mtu huijibu kwa hiyo hiyo, kamwene. Mtoto alimtazama mdomo, akatabasamu, akanyamaza. Akimwita nyuma ya nyumba, haji. Akimwonyesha ndoo kwa kidole, anaileta mbio. Kwenye ungo ndipo alipokuwa hodari: aliketi akimgusa bibi yake ubavuni kwa bega la kushoto, na jicho lake lilikuwa linaona tundu la mdudu kabla Severina hajavaa miwani. Ana kichwa kizuri, Severina alijiambia, ni lugha tu bado ngeni, na lugha haikimbii.

Na kila asubuhi mto wa mtoto ulikuwa na doa la manjano lenye harufu. Kila asubuhi Severina aliufua, akaweka tone la mafuta, akabadili pamba, akaendelea na somo la Kihehe. Hapa ndipo ninapomkasirikia kidogo mama huyu nimpendaye. Mtu anayenusa haragwe bovu ndani ya gunia zima, mto wa mjukuu wake aliunusa miezi miwili na pua haikumwambia kitu. Upweke nao una pamba zake.

Katikati ya Februari aliitwa shuleni. Mwalimu Andendekisye wa darasa la kwanza alikuwa kijana mpole mwenye wanafunzi zaidi ya tisini, na alimpa kiti chake mwenyewe akasimama. Alisema Frida hajibu swali hata moja. Ukimwambia fungua daftari, anatazama wenzake kwanza. Amemweka nyuma pamoja na watoto wawili waliotoka vijijini, ambao nao Kiswahili hakijawakaa.

"Mama, nyumbani mnaongea lugha gani?" aliuliza.

Severina alikiri kwamba ni Kihehe, kwa sauti ya mtu aliyekamatwa na kuni za msitu wa serikali.

"Basi ndicho hicho. Umemjazia Kihehe, Kiswahili kimekosa nafasi. Ongeeni Kiswahili mama, mtoto atafunguka." Kisha akasema, bila ubaya wowote, kwamba likizo ya Juni ikifika mambo yakiwa hivi, itabidi arudishwe darasa la awali na watoto wa miaka mitano.

Jioni Severina alimpigia Eveline. Kumbe Eveline naye alikuwa na yake moyoni: Frida anajua Kiswahili, huko Makongolosi alikuwa akiagizwa sahani na anazipeleka, labda hicho Kihehe cha mama ndicho kilichomvuruga. Na kama atarudishwa awali, afadhali amchukue Juni, akae naye, amsaidie kuosha vyombo. Severina alimwelewa kupita alivyosema. Mtoto akishaanza kuosha vyombo vya wachimbaji, darasani harudi.

Akaacha Kihehe. Aliacha ghafla, siku hiyo hiyo. Alisema Kiswahili na mtoto, alisema Kiswahili na kuku, na kwa kuogopa kujisahau akasema Kiswahili hata na maharage, ambayo kwa mara ya kwanza katika miaka sita hakuwa na la kuyaambia. Aliyatupa koponi kimya kimya. Aliwahi kuwa mpweke baada ya msiba, upweke huo akauzoea. Lakini ule wa Februari, wa kukaa ubavu kwa ubavu na mtoto wa damu yake na kunyamaziwa katika lugha mbili, huo haukuzoeleka. Usiku aliona ni kama yeye ndiye aliyekufa na Liberatus ndiye aliyebaki.

Frida hakubadilika. Mitaani watoto walimpa jina la Bubu. Mwanakhamisi, aliyemwita mara tatu aje achukue kitumbua na asigeuke, alitikisa kichwa juu ya ukuta.

"Mama Eveline, mtoto huyu hasikii," alisema.

Alimaanisha ni mkaidi, kama tunavyomaanisha sote. Severina akajibu kwamba ni kweli, hasikii, atamrudi. Akamchapa kijiti kimoja mguuni. Wanawake wawili wazima walilisema neno lenyewe, tena mara mbili, na hakuna kati yao aliyelisikia. Frida hakulia. Alimtazama bibi yake mdomo kujua kosa ni lipi.

Kisha Machi ikaleta mvua ya mawe. Ilikuja saa nane mchana, maharage ya watu yakiwa yameanikwa kwenye turubai, na bibi na mjukuu waliyakokota ndani huku barafu likiwapiga visogoni. Anayejua nyumba za bati za Uyole anajua kwamba mvua ya mawe ikishuka, mazungumzo yamekwisha. Paa lilikuwa linavuja juu ya gunia. Severina alipaza sauti aletewe beseni, na yeye mwenyewe hakuisikia sauti yake. Akamshika mtoto begani, akaweka mdomo kwenye sikio la kushoto, lile lisilo na pamba, na kwa haraka ile akasahau agizo la mwalimu. Alipiga kelele kwa Kihehe: beseni la bluu, chini ya kitanda.

Frida akaenda akaleta beseni la bluu, kutoka chini ya kitanda.

Severina aliliweka chini ya tone na kubaki ameinama. Kulikuwa na mabeseni mawili chumbani. La jekundu lilikuwa mlangoni. Kumbe Kihehe chote kile cha kwenye ungo, sikio hili la kushoto lilikuwa likikiokota. Akamvuta tena mtoto, akaweka mdomo pale pale, akauliza kwa Kihehe kwa nguvu zake zote ni kuku wangapi wamekimbilia ndani.

"Watatu," alimjibu Frida sikioni, kwa Kiswahili, kwa sauti nzito iliyotokea puani. "Jogoo hayupo."

Mvua ilikatika ghafla. Katika ukimya ule Severina alirudi nyuma hatua mbili na kumwita jina lake kwa sauti ya kawaida. Mtoto alikuwa anatazama dirishani mawe ya barafu yakiyeyuka. Akamwita kwa Kiswahili. Akachukua kopo la mabati na kuliangusha sakafuni nyuma yake. Kuku walitawanyika, Frida akawatazama kuku. Hapo Severina aliketi juu ya gunia la watu na kulia. Alilikumbuka pigo la kijiti kile, na mto aliokuwa akiufua kila asubuhi.

Asubuhi yake hakumpeleka shule. Katika kituo cha afya walipokewa na tabibu aitwaye Anania, mtu wa makamo mwenye mikono baridi, ambaye alitoa pamba, akanusa, na kuchungulia sikio moja baada ya jingine kwa kifaa chenye taa. Severina alijieleza bila kuulizwa, akitaka kumaliza lawama mapema.

"Masikio yake inatoa uchafu siku nyingi, daktari. Mi nilijua ni mambo ya kukua. Na hii kutokujibu, nilijua ni lugha. Mimi nilimsemesha Kihehe, mwalimu akasema tuongee Kiswahili."

Anania aliweka kifaa mezani. "Mama, huyu hajakataa Kihehe wala hajakataa Kiswahili," alisema. "Hajavisikia."

Alimweleza taratibu. Vijidudu vya bakteria vilikuwa vimeingia nyuma ya ngoma ya sikio mtoto akiwa mdogo, huenda baada ya mafua tu. Usaha ukajaa, ukatoboa ngoma na kutokea nje, na kwa kuwa haukutibiwa ukageuka mazoea. Kulia tundu ni kubwa, kushoto ni dogo. Mafuta hayafai, maziwa hayafai, kijiti kisiguse, na maji yasiingie wakati wa kuoga. Kuna dawa ya matone, lakini dawa ikimwagwa juu ya usaha ni kazi bure. Lazima sikio likaushwe kwanza. Unachukua kitambaa safi cha pamba, unakisokota kiwe utambi kama wa koroboi, unauingiza polepole, unangoja unyonye, unautoa, unaweka mwingine, mpaka utoke mkavu. Kisha matone. Mara kadhaa kwa siku, wiki baada ya wiki. Akiona uvimbe nyuma ya sikio asingoje kesho. Akamwandikia pia barua ya kwenda kwa mtaalamu wa masikio hospitali ya rufaa.

"Wengi huchoka siku ya nne," alisema Anania.

Severina alimwambia kwamba yeye anachambua maharage.

Kutoka pale alipita shuleni. Mwalimu Andendekisye alimsikiliza mpaka mwisho, akatazama safu ya nyuma ya darasa lake. Alisema tu kwamba yeye ndiye aliyemweka kule. Kesho yake Frida aliketi mbele, upande ambao sikio la kushoto linamwelekea mwalimu, na mwalimu akaacha kusema akiwa ameuelekea ubao.

Kitambaa safi cha pamba kilikuwamo nyumbani kimoja tu cha kuaminika: shati jeupe la Liberatus la Jumapili, lililokunjwa sandukuni kwa miaka sita. Severina alilichemsha, akalianika, akalipiga pasi, akashika mkasi. Alianza na mgongo.

Kuanzia hapo siku zake zilipata saa zake. Kabla ya shule, mchana, jioni, Frida alilaza kichwa mapajani mwa bibi yake pale ungo unapokaa, chali, masikio yote mawili huru. Severina alisokota, akaingiza, akangoja. Na katika kungoja kule, kwa kuwa kimya kilikuwa kimemchosha maishani, aliinama mpaka mdomo wake ukagusa lile la kushoto na kusema, kamwene. Kisha akasimulia. Alimweleza kwa Kihehe baridi ya Kilolo inayovunja mitungi, na njegere zinavyochumwa na umande, na jinsi Liberatus alivyokwenda kumposa akiwa na viatu vya kuazima, akateleza kwenye utelezi mbele ya wakwe na kiatu kimoja kikabaki matopeni. Frida alicheka mpaka utambi ukaruka. Wakageuzana, wakaanza upya. Hakuna siku aliyochoka, si ya nne wala ya arobaini. Niseme ukweli: hakuwahi kuwa na furaha kama hiyo tangu awe mjane, na furaha hiyo ilikaa juu ya ugonjwa wa mtoto, jambo ambalo alilijua na hakulipenda.

Mtaalamu wa hospitali ya rufaa aliyaona masikio mwishoni mwa Aprili, akaongeza dawa, akasema kazi ya nyumbani ni nzuri. Mwezi wa tano la kushoto liliziba tundu lake. La kulia lilichelewa. Utambi wa kwanza ulitoka na unyevu, wa pili na alama tu, halafu asubuhi moja ya baridi kali wa kwanza wenyewe ukatoka mkavu, mweupe kama ulivyoingia. Severina aliuinua kwenye mwanga wa mlango. Akashukuru Mungu kwa sauti. Jioni akasokota mwingine, nao mkavu. Baada ya siku kumi Anania alisema matone yatosha, waache, warudi Agosti apime, maana la kulia halitasikia kama la mtoto mwingine, lakini atasoma na ataishi nalo.

Severina alirudi nyumbani, na saa ya jioni ilipofika akajikuta amekaa, amekwisha kusokota utambi, anamngoja mtoto alaze kichwa. Likizo ya Juni ilikuwa wiki ijayo na mwalimu alikwisha kusema Frida harudishwi awali. Kila alichokiomba alikuwa amepewa. Alijionea haya, akaufungua ule utambi ukawa kitambaa tena, akaulainisha kwa kucha gotini. Shati lilikuwa limebaki mkono mmoja.

Eveline alipiga simu Jumapili hiyo, na Severina kwa mara ya kwanza akampa Frida simu aishike mwenyewe. Mtoto aliiweka kushoto. Alisikiliza akikunja uso.

"Mama, kitu gani hicho kinapiga huko?"

"Ni karasha, mwanangu," alisema Eveline. "Ziko pale pale siku zote." Kisha akaomba azungumze na mama yake, na alipompata alilia tu. Suala la kumchukua Juni halikutajwa tena na yeyote.

Siku ya kwanza ya likizo walikuwa kibarazani wote wawili juu ya ungo, gunia la maharage ya soya njano kutoka kwa mfanyabiashara mpya. Severina aliinama kama alivyozoea, akaweka mdomo sikioni na kumwambia kwa nguvu, kwa Kihehe, ayatazame vizuri yale yenye mikunjo.

Frida alijivuta kidogo, akajikuna sikio.

"Bibi, usipige kelele," alisema. "Mi nasikia."

Aliendelea kuchambua. Severina naye akaendelea, mkono ukienda wenyewe, akitafuta ni kwa sauti gani mtu huzungumza na mtu anayesikia, alikuwa ameisahau. Kabla hajaipata, Frida aliinua kichwa na kugeukia uani. Severina hakusikia kitu. Baadaye kidogo tu ndipo naye alipoisikia sauti ya mtoto nyuma ya ukuta wa Mwanakhamisi, ndogo, ya mtu anayeita kwa siri ili mama yake asijue: Frida, Frida, njoo tucheze. Hakumwita Bubu.

Mtoto alimtazama bibi yake, si mdomo safari hii, machoni. Severina alimwambia aende. Frida alikung'uta gauni, maharage mawili yakaanguka, akakimbia mpaka getini. Pale akakumbuka adabu, akageuka, akatafuta neno la kumuaga bibi na akalipata moja.

"Kamwene, bibi," alisema, akatoka.

Kamwene si neno la kuagia. Ni salamu ya mnapokutana, na Mhehe yeyote angemsahihisha. Severina alifungua mdomo amsahihishe, akaona geti linacheza peke yake na vicheko vimekwisha kufika barabarani.

"Kamwene," alijibu, kwa sauti ya kawaida. Akavuta ungo, akaokota yale mawili yaliyoanguka, akayaambia kwa Kihehe kwamba yeye hajambo, ila magoti ndiyo yanasumbua.